Naomba ushauri: klasi dhahania ya kutafuta maneno ndani ya nyaraka

Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Hapa Tanga tunaandaa programu ya Python ya kutafuta maneno ndani ya nyaraka za mashamba ya mkonge, nami nataka klasi moja dhahania (kiolezo cha kurithiwa tu), iliyojengwa kwa moduli ya abc, ambayo klasi za injini mbili za utafutaji, yaani FTS5 (sehemu ya hifadhidata ya SQLite ya kutafuta maneno) na hifadhidata ya PostgreSQL, zitairithi. Kuongeza na kufuta waraka hakunisumbui. Kinachonisumbua ni alama za ulinganifu, yaani namba zinazoonyesha waraka unafaa kiasi gani: fomula ya bm25 ya FTS5 hutoa namba ambayo ikiwa ndogo zaidi ndiyo bora, ilhali ts_rank ya PostgreSQL huupa namba kubwa waraka unaofaa zaidi. Je, klasi mama irudishe alama hizo, au mpangilio pekee? Naelekea kwenye mpangilio, kwa kuwa alama za injini mbili hazilinganishiki.

Tena, kichambuzi cha porter kilichomo FTS5 kiliundwa kwa ajili ya Kiingereza na hukata miisho ya maneno, wakati Kiswahili hubeba mengi mwanzoni, hivyo anayetafuta “shamba” hapati “mashamba”, jambo ambalo kwa watumiaji wetu ni kubwa sana. Uchambuzi huo uwe methodi dhahania ndani ya kila klasi tanzu, au klasi ya pembeni inayokabidhiwa kwa injini pale injini inapoundwa? Nitashukuru kwa majibu yenye mfano wa msimbo.