Harusi ya mwanangu iko Unguja, na boti naiogopa

Mshonaji wa Chake
Asalaam aleikum wenzangu. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko Chake Chake. Tangu Septemba 2011, meli ilipozama mkondo wa Nungwi ikija kwetu Pemba, sijapanda chombo cha baharini. Jirani yangu alikuwemo. Nilikuwa nimemwagiza vifungo vya mabuibui.

Tangu hapo vitambaa namwagiza mpwa wangu aninunulie Darajani, Unguja. Nikisema satini nyeusi, analeta buluu iliyokoza, kisha anakula yamini kuwa ni nyeusi. Nimevumilia. Lakini sasa mwanangu anaolewa, na harusi iko huko huko Mwembetanga kwa shangazi yake. Tena ni Julai hii, upepo wa kusi umeshika kwelikweli.

Wiki iliyopita nilifika mpaka bandarini Mkoani, tiketi mkononi. Kwenye ngazi ya boti miguu ikagoma, nikarudi zangu na daladala. Wifi yangu akaniambia, "Wewe imani yako ndogo." Neno hilo limeniuma kuliko hiyo bahari. Nasali, nafunga. Kweli mwenye kuogopa hana imani?

Bint Wete
Waaleikum salaam dada, pole. Mimi nikishakaa nasoma Ayatul Kursi, nafumba macho, nawaza mazuri tu mpaka tunafunga gati. Mfikirie mwanao kapambwa, udi unafuka. Ukiwaza mabaya ndiyo yanayokuja.

Mzee wa Kojani
Hapo mwisho umeteleza, mwanangu. Waliozama hawakuzama kwa kuwaza mabaya. Usimtwike mwenzio mzigo huo.

Bi Mshonaji, mimi mzaliwa wa Kojani, nimekwenda dago, kambi za wavuvi za mbali, tangu sijaota ndevu. Nabii Musa mbele ya wachawi wa Firauni aliingiwa na hofu moyoni, imo katika Surat Taha. Mwenyezi Mungu akamwambia usiogope, hakumwambia huna imani. Mwulize wifi yako yeye kalitoa wapi. Na nahodha asiyejua kuogopa, mimi chombo chake sipandi. Siku moja tuko dagoni niliona wingu la kusini limekaa vibaya, nikasema leo hatutoki. Vijana walinicheka mpaka adhuhuri. Alasiri hawakucheka.

Mtume alimwambia yule bedui afunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Basi funga ngamia. Usiende siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukijaa: maji yanakwenda kwa nguvu, yakikutana na upepo mawimbi yanasimama. Ngoja maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Kaa chini, katikati ya boti. Mbele ndiko kunakorushwa. Jaketi la kuokolea ulijue liko wapi, ulishike, uone kamba zake. Wakijaza watu kupita kiasi, shuka, tiketi na ipotee. Wala usifumbe macho, kichwa kitazunguka. Tazama mbali, bahari inapokutana na mbingu.

Ukipanda, sema aliyoyasema Nabii Nuhu: Bismillahi majraha wa mursaha. Yaani kwenda kwake na kutia nanga kwake ni kwa jina la Mwenyezi Mungu. Nanga imo humo humo kwenye dua. Ukitaka jambo zuri la kuliwaza, waza hiyo.

Kijana wa Mkoani
Bi mkubwa, panda ndege tu, nusu saa umefika.

Mshonaji wa Chake
Ile ndogo inayopita juu ya paa langu inatikisika kama kishada? Ahsante, mwanangu.

Mshonaji wa Chake (siku tisa baadae)
Nimefika! Nilingoja mwezi nusu kama alivyosema mzee. Jaketi nililishika mpaka mfanyakazi wa boti akaniuliza kama nataka kuondoka nalo. Tulipofika mkondoni watu wakaanza kuitisha mifuko, na mimi roho ikanichafuka. Nilikuwa na ndimu, nikainusa na kuikwaruza kwa kucha mpaka ganda lote likachubuka. Nilitetemeka njia nzima, wallahi, sikuwaficha. Ile dua niliisoma nikakosea, nikaanza tena, nikakosea tena. Mama mmoja pembeni yangu, simjui, akaisoma kwa sauti, nikamfuata neno kwa neno.

Hapo ndipo nikavikumbuka vile vifungo. Nikamsomea jirani yangu Fatiha, kitu ambacho tangu mwaka ule nilikuwa nakifanya nyumbani tu, mlango nimeufunga.

Harusi ni kesho kutwa. Jana nimekwenda Darajani kwa miguu yangu, nikaitoa satini mpaka nje juani niione rangi. Nyeusi. Mwenye duka alinitazama sana.

Mzee wa Kojani, nilitaka kurudi Jumatano, lakini nikiutazama mwezi naona utakuwa umeshajaa. Ningoje?