Kijana wangu anatakiwa na makocha wa vyuo ila maksi zinasuasua, tumfuate kocha au tufuate shule?

MamaNuru_Columbus

Wapendwa habari zenu. Naombeni ushauri hasa nyie mlioko huku Marekani na mmeshapitisha watoto kwenye hii michezo ya vyuo, maana mimi na baba Nuru kila tukianza hii mada tunaishia kununiana. Kijana wetu yuko gredi ya 11 hapa Ohio, futi sita na inchi saba, suruali za mwaka jana zote zimeshakuwa pensi, anacheza timu ya shule na kiangazi anasafiri na timu ya AAU, ile michezo ya vijana ya nje ya shule. Kikapu anakijua, sio kwamba namsifia sababu ni wangu. Shida ni darasani, GPA (wastani wa maksi, juu kabisa 4.0) ni 2.6, na sio kwamba hana akili ni uvivu tu, kazi za nyumbani anapeleka zimechelewa au hapeleki kabisa.

Sasa kuna kocha msaidizi wa chuo cha Divisheni ya Kwanza (D1, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) anampigia simu kila mara tunakupenda tunakupenda, kuna mwingine wa JUCO, chuo cha miaka miwili, huko Kansas, halafu kuna kachuo kadogo ka Divisheni ya Tatu (D3) huku huku Ohio ambako kocha alituambia wazi pesa ya mpira hawatoi, shule inaangalia kipato cha wazazi na maksi za mtoto. Baba yake anataka D1, kila siku Thabeet, Thabeet, mtoto wa Dar alienda Connecticut akachukuliwa namba mbili NBA 2009. Mimi unesi nimeusomea usiku mchana niko kazini, najua cheti kinafanya nini nchi hii.

Naomba kujua, hawa makocha maksi wanazijali kweli au wakimtaka mtu wanamuingiza tu? Na nikimtoa AAU kiangazi hiki akae asome nitakuwa nimemharibia?

Mzee_wa_Ribaundi

Dada hongera kwa kijana na pole kwa presha. Nimekaa benchi la ufundi la chuo kidogo huku Midwest kwa hiyo hili nalijua kwa upande wa pili wa simu. Kocha peke yake hawezi kumuingiza mtu. Kuna NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na kuna ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, na zote mbili lazima zikubali, kocha anachoweza ni kusukuma.

Kitu cha kwanza, hiyo 2.6 unayoiona kwenye ripoti isahau kabisa maana NCAA hawaiangalii hiyo. Wanachukua kozi 16 za msingi tu, kiingereza 4, hesabu 3 kuanzia algebra ya kwanza kwenda juu, sayansi 2, sayansi ya jamii 2, na zilizobaki ni za kuongezea humo humo au lugha ya kigeni. Mazoezi ya viungo, kuchora, kwaya, upishi, vyote vinatupwa. Unakuta mtoto ana 2.6 ya shule lakini ukitoa hizo A za gym anabaki na 2.1. Divisheni ya Kwanza wanataka 2.3 kwenye hizo 16, ya Pili wanataka 2.2, ya Tatu kila chuo kinajipangia chenyewe. Akiangukia kati ya 2.0 na 2.3 huko D1 anaweza kupewa skolashipu na kufanya mazoezi muhula wa kwanza lakini mwaka wa kwanza wote mechi hagusi, na hakuna kocha anayefurahia kulipia mtu wa kukaa na tai pembeni.

Cha pili ndio kinachoua wengi. Kozi 10 kati ya 16 lazima ziwe zimeisha kabla hajaanza gredi ya 12, na 7 kati ya hizo ziwe kiingereza, hesabu au sayansi. Maksi za hizo zikishafungwa zimefungwa, huwezi kurudia somo ukiwa gredi ya 12 ukategemea wakubadilishie. Kwa hiyo kwa kijana wako kiangazi hiki ndio mwisho wa kurekebisha. Na msikimbilie vikozi vya mtandaoni vya haraka haraka kabla hujamuuliza kaunsela kama kozi hiyo iko kwenye orodha ya NCAA, vingi havikubaliwi.

Mtihani wa SAT, ule wa kuombea chuo, walishautoa kwenye masharti Januari 2023 kwa hiyo huo usikunyime usingizi. Sisi wazee tunakumbuka vita yake, sheria ya 1986 ilikuwa inataka SAT 700, halafu 1989 walipotaka kukaza zaidi ili aliyekosa asipewe hata skolashipu, John Thompson wa Georgetown alitoka uwanjani mechi inataka kuanza na Boston College akawaachia wasaidizi wake, akisema mnawafungia watoto weusi maskini mlango. Mimi mpaka leo nasema alikuwa sahihi, mtihani wa Jumamosi moja haukuambii mtoto atamaliza chuo ama hatamaliza.

Omera_Minnesota

Mama Nuru mimi nitakuambia tofauti kidogo na usinikasirikie. Maneno ya masomo ni sawa lakini ukimtoa huyo kijana AAU mwezi wa saba unamuua kabisa, kwa sababu Julai ndio makocha wa D1 wanaruhusiwa kuja kukaa kwa hizo tonamenti, na kama hawajamwona hapo watamwonea wapi? Akicheza gym ya shule yenu Jumanne usiku nani atakuja? Msomeshe Juni, mtafutie tyuta, mnyang'anye simu, lakini Julai aende.

Pia watu waambie huyu mama ukweli wa siku hizi. Kutoka transfa potali (mfumo wa wachezaji kuhama chuo) ianze 2018 na pesa za NIL (mchezaji kulipwa kwa jina na sura yake) ziingie 2021, kocha wa D1 anataka mwanaume wa miaka 22 ama 23 ambaye ashacheza misimu mitatu kwingine, hataki mtoi wa hai skuli wa kufundisha kutoka mwanzo. Mwaka wa 2025 wamekubaliwa kulipa wachezaji moja kwa moja na timu ya wanaume imewekewa watu 15 kwa vyuo vilivyoingia kwa hiyo mpango. Nafasi ya kijana wa gredi ya 12 imekuwa ndogo sana hata kama anaruka hivi. Kwa hivyo huyo anasema tunakupenda, muulize swali moja, ni ofa ama si ofa? Na hata akisema ofa, ya mdomo haimfungi mtu. Ile barua ya zamani ya kusaini iliondolewa 2024, saa hii kitu inahesabika ni mkataba wa ufadhili kutoka chuo wenyewe.

Na mimi sioni kwa nini watu hufanya ni kama lazima uchague. Khaman Maluach ni mtoto wa Sudan Kusini amekulia Kampala, akaenda ile akademi ya NBA kule Saly Senegal ambapo wanasoma na kucheza, akaingia Duke, mwaka mmoja tu akachukuliwa namba kumi 2025. Duke si chuo ya mchezo.

Bint_Pangani

Omera mfano wako nimeupenda ila Maluach ana futi saba na inchi mbili. Kwa urefu huo hata mimi wangenisomesha 😂

Mama Nuru mimi nafanya kazi ofisi ya masomo ya wanamichezo kwenye chuo kimoja, sikitaji. Wote waliotangulia wanaongelea kuingia. Mimi kazi yangu inaanza wakishaingia na hapo ndipo naona watoto wa watu wanavyopotea. Sheria inataka mwisho wa mwaka wa pili awe amemaliza asilimia 40 ya digrii, wa tatu 60, wa nne 80. Inaonekana nzuri eti. Sasa fikiria mtoto anataka uhandisi, maabara ni saa nane mchana, mazoezi ni saa nane mchana. Unadhani nani anashinda? Anahamishiwa kwenye fani inayokaa vizuri na ratiba ya kocha, ile ambayo unakuta nusu ya timu wako humo, na hakuna aliyemlazimisha, ameshauriwa tu kwa upole na watu kama mimi. Nayasema haya kwa sababu tunayafanya.

Ikizidi ndio inakuwa yale ya North Carolina, madarasa hewa yaliyodumu miaka 18, hakuna mwalimu hakuna kipindi unaandika paper moja unapewa A, ripoti ya 2014 ikasema waliopitia humo ni zaidi ya 3,100 na karibu nusu ni wanamichezo. NCAA 2017 ikasema haiwezi kuwaadhibu kwa sababu wanafunzi wa kawaida nao walikuwemo. Chuo kikabaki na mataji yake. Waliosoma hayo madarasa wamebaki na nini, hilo swali hakuna aliyejisumbua nalo.

Na huyo Thabeet wa baba Nuru alifanya kazi kubwa sana Connecticut, alifika nusu fainali ya taifa 2009, hilo hatumnyang'anyi. Ila chuo hicho hicho miaka michache baadaye kilifungiwa mashindano ya 2013 kwa sababu alama za maendeleo ya masomo ya timu ziliporomoka, wakarudi 2014 wakabeba kombe. Ndio biashara ilivyo, darasani wanafeli kama timu na mwaka unaofuata wanasherehekea kama timu.

Kwa hiyo kocha akipiga tena usimuulize mnasaidiaje masomo, atakujibu tuna matyuta tuna kompyuta. Muulize wachezaji wako wa mwaka wa tatu na wa nne wanasomea nini, mmoja mmoja. Akianza kubabaika umepata jibu. Muulize pia skolashipu ni ya mwaka mmoja mmoja au ya miaka minne, na kijana akiumia goti inakuwaje. Mwisho muulize yeye mwenyewe mkataba wake unaisha lini maana kocha akifukuzwa hao waliokupenda wote wanaondoka naye.

Chuga_Boy

mi nimekuja kusoma komenti tu ila baba Nuru naye angeingia humu tumsikie, isije kuwa anashambuliwa mtu hayupo 😂😂

MamaNuru_Columbus

@Chuga_Boy baba Nuru anasoma hapa pembeni yangu na amenuna.

Jamani asanteni sana. Leo nimeenda kwa kaunsela nikamwambia nitolee za msingi tu. Kaunsela mwenyewe ilibidi aingie kwenye kompyuta kutafuta orodha. Imekuja 2.24. Nimeishiwa nguvu, yaani gym na muziki ndio vilikuwa vinatushikilia. Kilichomwangusha ni algebra ya pili ana D na kemia ana D. Je hapo D1 ndio basi? Na yule wa JUCO anasema njoo kwetu miaka miwili maksi hazina shida, nimwamini?

Mzee_wa_Ribaundi

Sio basi hata kidogo dada, 2.24 kwenda 2.3 ni karibu sana. Arudie hiyo algebra Juni kwenye shule ya kiangazi ya wilaya yenu, ikitoka D ikawa B wanachukua ile kubwa. Kemia hivyo hivyo kama ratiba inaruhusu, ila zote mbili ziwe zimekwisha kabla gredi ya 12 haijafunguliwa. Kwenye la Julai niko na Omera, asikose.

JUCO sio pabaya, nimepita huko mwenyewe, skolashipu wanatoa na unaanza kucheza papo hapo. Lakini hiyo maksi hazina shida si kweli. Kuhama kwenda D1 kutoka JUCO kunataka GPA 2.5 kwenye kozi zinazohamishika, na kijana aliyeingia huko hajatimiza vigezo vya hai skuli lazima amalize digrii ndogo kwanza. Yaani uvivu atakaoukimbia hapo Ohio ataukuta Kansas unamsubiri, na Kansas mama hayupo wa kuzima wifi.

Bint_Pangani

Naongezea kuhusu kale kachuo ka D3. Vyuo vingi vya hivyo na vile vya Ivy (vya kifahari kama Harvard) vinakubali kocha apeleke transkripti kwa watu wa udahili wakaisome mapema kabla kijana hajaomba rasmi, kawaida ni kiangazi baada ya gredi ya 11. Mwombeni huyo kocha afanye hivyo matokeo ya algebra yakitoka. Na mkadirie gharama kwenye kikokotoo cha tovuti ya chuo, mkiweka kipato chenu halisi mnaweza kukuta mnalipa kidogo kuliko D1 iliyowapa nusu skolashipu. Usiogope ile bei iliyoandikwa juu.

Omera_Minnesota

Na mama, kijana mwenyewe amesema nini? Nimesoma thread yote na sijaona mahali ameulizwa.

MamaNuru_Columbus

Omera nimemuuliza sasa hivi. Kasema anataka kwenda popote ambako ataanza kwenye wale watano. Fani nikamuuliza, kasema hajui, labda mambo ya kompyuta. Basi nimemuandikisha algebra inaanza Juni na baba yake ndio atakuwa anamrusha asubuhi, hilo amekubali bila ubishi. Kocha wa D1 amepangiwa kupiga Alhamisi, nimeshaandika maswali ya Bint Pangani kwenye karatasi na la mkataba wake nitauliza mimi.