Kutafuta yavuyavu wa maji baridi kwa mtumbwi

MkaziWaKasarani: Wanajukwaa, salamu. Nimekulia Mombasa nikiamini kwamba yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza, ni mnyama wa bahari peke yake. Juzi binti yangu alinionyesha maelezo kwamba wapo pia wanaoishi ziwani. Desemba tutasafiri kutoka Nairobi hadi Kisumu. Je, tukikodi mtumbwi tunaweza kuwaona, na tuwatafute vipi?

MwalimuWaBiolojia: Binti yako amesema kweli. Wapo katika Ziwa Victoria, na ni wa jenasi ya Limnocnida, ambayo Mjerumani Richard Böhm aliiona Ziwa Tanganyika mwaka 1883. Usitarajie mnyama mkubwa: upana wake ni takriban sentimita 2, karibu sawa na sarafu ya shilingi kumi, na mwili wake unapitisha nuru kiasi kwamba jicho humpita bila kumtambua. Ugumu wa Kisumu ni kwamba maji ya Ghuba ya Winam yana tope na magugumaji, kwa hiyo binafsi ningewashauri mwende Kigoma siku moja, kwa kuwa maji ya Tanganyika ni maangavu mno.

Popote mtakapokwenda, ingieni ziwani asubuhi kabla upepo haujaamka. Mkifika mahali palipotulia, wekeni makafi ndani ya mtumbwi, kisha mshushe sahani nyeusi iliyofungwa kamba hadi kina cha mkono mmoja na kuitazama kwa subira. Kinachomfichua ni mwendo wake wa kujikunja na kujikunjua juu ya ule weusi, si rangi yake. Msikate tamaa mkikosa, kwani wanaweza kutoweka kwa muda mrefu kisha wakatokea kwa wingi. Wana hatua ya maisha ambayo ni vijidude vidogo sana vilivyoganda chini, na Limnocnida aliyekomaa pia huchipua watoto mwilini mwake.

MpigaKafi: Vaeni jaketi okozi, mkodi mwenyeji anayejua walipo viboko, na msitembee majini kando ya ziwa kwa sababu ya kichocho.

MkaziWaKasarani: Ahsanteni sana. Je, wanawasha kama wale wa pwani, na binti anaweza kumchukua mmoja?

MwalimuWaBiolojia: Seli zao za sumu huua vijidudu vya majini wanavyokula, lakini kwa kawaida ni dhaifu mno kumdhuru mtu. Amchote kwa chupa ya kioo, amtazame, kisha amrudishe palepale. Kumhamishia bwawa jingine ni kosa, hata akionekana mzuri namna gani.