Utafiti wa RNA za ubongo: vyuo vyetu viingie sasa au ni anasa?

Mwana_Isevya: Wakuu, naleta hoja. Nobel ya tiba ya 2024 walipewa Victor Ambros na Gary Ruvkun kwa kugundua maikro-RNA, vipande vidogo vya RNA (molekuli zinazonakiliwa kutoka kwenye jeni) vinavyoizuia chembe hai isitengeneze protini fulani kupita kiasi. Sasa zinachunguzwa kwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa wazee kupoteza kumbukumbu. Kuna na RNA ndefu, BACE1-AS. Hiyo inaukinga usivunjike ujumbe wa kutengeneza kimeng'enya kiitwacho BACE1. Kimeng'enya kikizidi, kinakatakata protini moja na mabaki yake yanajirundika kwenye ubongo. Nasema vyuo vyetu viingie huko sasa, tusikae kungoja makombo. Mnasemaje?

Mwana_Ujiji: Makombo! Ndugu yangu, huko kwenu Tabora bibi akipotea njia mnamwita mchawi, leo unataka maikro-RNA? Acheni kwanza kuua vikongwe kwa sababu ya macho mekundu.

Mwana_Isevya: Hapo umenigusa pabaya. Mauaji hayo yametokea Shinyanga, yametokea Mwanza, mbona umeiona Tabora tu? Macho mekundu ni moshi wa kuni, mwanamke amepuliza moto jikoni tangu usichana. Na kwenu Kigoma waganga wanakosa wateja? Sema ukweli.

Mwana_Ujiji: Sijasema Kigoma hatuna waganga. Nimesema nyie mmezidi.

Mama Shija: Wanangu, mnagombania mikoa wakati mimi nina mgonjwa ndani. Mama mkwe anabangua karanga vizuri kabisa, halafu karanga anawamwagia kuku, maganda anayarudisha kwenye ungo na kuyafunika. Usiku wa manane anajitanda kanga anakwenda stesheni kumpokea baba mkwe, ambaye tulishamzika. Majirani wamemkuta njiani saa kumi alfajiri, maneno yameanza. Hiyo RNA yenu itawafunga midomo?

Msoma_Baiolojia: Shikamoo mama, pole sana. Kinachotafutwa ni kipimo cha damu kwa kutumia maikro-RNA, ila majibu ya maabara moja na nyingine hayajalingana. Kwenye ubongo wenyewe kuna dalili nzuri zaidi: maikro-RNA 132 imeonekana kupungua kwa wagonjwa. Ukoo wa maikro-RNA 29, ambao kazi yake mojawapo ni kuibana BACE1, nao ulikutwa umepungua kwa baadhi yao, utafiti wa 2008. Breki zinalegea, kimeng'enya kinapanda.

Fundi_Ipuli: RNA si ndiyo ile ya chanjo ya korona? Mama mkwe asiguswe!

Msoma_Baiolojia: Kaka, ile ni RNA ya ujumbe, inabeba maelekezo ya kutengeneza protini. Hizi hazitengenezi protini, zinasimamia nyingine. Na hakuna aliyesema bibi achomwe kitu.

Fundi_Ipuli: Mlisema hivyo hivyo mwaka ule.

Mwana_Ujiji: Turudi kwenye hela. Marekani 2023 waliidhinisha dawa ya lecanemab, ambayo inayaondoa yale mabaki yanayojirundika kwenye ubongo. Kwenye majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya kudorora kwa asilimia 27. Kupunguza kasi, siyo kurudisha kumbukumbu! Tena iliidhinishwa ikiwa dripu ya kila wiki mbili, na ubongo unapigwa picha kuangalia kama umevimba au kuvuja damu. Kijijini Uvinza nani atafanya hayo? Sipingi sayansi, napinga kuwadanganya wenye wagonjwa.

Mwana_Isevya: Ndiyo maana nasema tuingie kwenye utafiti, tupate kipimo cha bei yetu. Ila bado hujawaomba radhi watu wa Tabora.

Mama Shija: Baba, radhi itasubiri. Alhamisi tuna kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na hao majirani ni wanachama. Nataka karatasi moja tu, Kiswahili cha kawaida, inayosema huyu mama ni mgonjwa, ubongo wake unaharibika, na kutembea usiku ni dalili. Maikro nini sijui hiyo msiiweke.

Msoma_Baiolojia: Ninaiandika leo hii, mama. Iwekwe muhuri wa zahanati, wakiuona watasikiliza.

Fundi_Ipuli: Muhuri wa zahanati mtaani kwetu hauna uzito. Apewe mwenyekiti wa mtaa aisome yeye.

Mwana_Ujiji: Mwenyekiti yupi, huyo huyo aliyewaacha wakaanza maneno?

Mwana_Isevya: Unaona? Ameanza tena na Tabora!