Mhariri ana haki ya kuchuja barua za marehemu?

Wadau, nianze na kisa, tubishane baadaye.

Februari 1671 binti wa Madame de Sévigné, bibi wa Kifaransa anayesifika kwa barua zake, aliondoka Paris kumfuata mumewe Provence, kusini mwa Ufaransa. Mama akawa anamwandikia kila walipotengana, kwa karibu miaka 25: umbea wa watu wa mfalme, madeni ya mkwe, mafua, machozi. Humo ndimo tunamomkuta Vatel, msimamizi wa karamu ya Chantilly. Samaki wa kumlisha mfalme Louis wa 14 walichelewa, naye akaegemeza upanga mlangoni akajichoma. Mara mbili hakufa, ya tatu akaenda. Samaki hao, wakaanza kuingia kutoka kila upande!

Mama alifariki 1696. Mjukuu wake, Pauline de Simiane, akamkabidhi barua mhariri Denis-Marius Perrin, naye akazichapisha kuanzia 1734, kisha upya 1754. Bwana huyu alizishughulikia kama fundi cherehani: maneno ya uani akayanyoosha, mambo ya nyumbani akayakata. Majibu ya binti kwa mama yake yakateketezwa, inasemekana na Pauline, na barua halisi nyingi za mama nazo hazikusalimika. Hadi 1873, profesa wa sheria wa Dijon, Charles Capmas, alipokuta nakala ya kale kwa muuza vitu vya zamani, ndipo watu wakaona mkasi ulikuwa umepita wapi.

Msimamo wangu: kupunguza ruksa, ila onyesha ulipokata. Kunyamaza ni kumsingizia marehemu.

JIBU: Mkuu, unamwonea Perrin. Mwaka 1734 watoto na wajukuu wa waliosengenywa walikuwa hai. Angechapa yote, familia ingefungia barua kabatini na leo usingekuwa na Vatel wa kutusimulia. Halafu maiti haulizwi sanda.

MTOA MADA: Haulizwi, kweli. Lakini mshonaji asituambie marehemu ndivyo alivyokuwa akivaa. Hapo kwenye familia umenibana kidogo, nakubali. Majina angeweka herufi ya kwanza tu, tungemwelewa. Kinachonikera ni lugha: mama anamwandikia mwanawe kwa haraka, sentensi zinakatika, yeye anazipiga pasi. Nani alimtuma? Na majibu ya binti je, Pauline, akiwa ndiye mtoto wa kuzaliwa na huyo binti, alikuwa na haki ya kuyachoma? Hapo hata mimi nasita. Karibuni.