MREJESHO: Yule wa kumaliza masters na kuhama Dodoma, nimeshafika Tabora

Wakuu habari za wikendi. Mimi ndo yule niliyeuliza mwezi wa tisa vitu vya geto niuze au nihame navyo, na kodi ya miezi miwili iliyobaki nifanyeje. Asanteni sana, hata mlionicheka.

Nilimfuata aliyesema achana na madalali, subiri mwaka wa kwanza waripoti, piga picha kila kitu na bei yake kisha tupia status na magrupu ya wanachuo. Kitanda, friji ndogo na mtungi wa gesi vikaondoka siku tatu tu, ila godoro jamani, kila anayekuja analibonyeza anaguna anaondoka, mwisho nikampa mama ntilie wa Ng'ong'ona niliyekuwa na deni lake la wali maharage, akafuta daftari.

Kodi nimefeli nusu. Mwenye nyumba hakutaka kurudisha hata mia, nikaleta mtu wa kuingia badala yangu akanirudishia ya mwezi mmoja, huo mwingine nimesamehe.

Vitabu niliweka kwenye viroba nikapakia basi pale stendi ya Nanenane, vimefika, kimoja kimelowa (aliyesema funga nailoni kwanza, nilikudharau, nisamehe).

Ushauri ambao sikuufuata ni ule wa kumaliza masahihisho ya dissertation kabla ya kufungasha. Nimerudi Dodoma mara mbili kufuata saini, nauli juu yangu, faida pekee nilirudi na zabibu. Hardbound (nakala ya mwisho ya dissertation yenye jalada gumu) nimekabidhi juzi.