Mpwa wangu anataka kuacha uuguzi akafanye kazi na baba yake

Swali
Mpwa wangu ni muuguzi mwenye leseni, na amefanya kazi hospitalini kwa miaka 4. Sasa anakusudia kuacha kazi ili ajiunge na baba yake mwenye karakana ya useremala, ambaye macho yake yameanza kufifia. Simzuii, kwa sababu namwona akitoka zamu za usiku akiwa hoi hata kuzungumza hawezi. Ila nilipomuuliza atalipwa kiasi gani, alinijibu kwamba kwa baba hakuulizwi mshahara. Jibu hilo limeninyima usingizi. Nimshauri nini kabla hajaandika barua ya kuacha kazi?

Jibu la kwanza
Mimi niliacha uhasibu nikaingia katika biashara ya mama yangu. Kwa miaka 3 ya mwanzo sikuwa na mshahara. Nilipohitaji fedha nilimwomba, kama nilivyokuwa nikimwomba nilipokuwa mwanafunzi, naye alinipa bila kinyongo. Nilipotaka kuoa ndipo nilipogundua kwamba sina akiba, sina hati ya mshahara ya kuionyesha benki, na kwamba kaka yangu anayeishi mbali aliamini kuwa yote niliyoyajenga ni mali ya mama, itakayogawanywa sawa siku ya urithi. Kaka hakuwa na ubaya. Hakuna aliyekuwa amemweleza vinginevyo. Mpwa wako na baba yake waandikiane, ndugu zake wakiwepo: mshahara, hata ukiwa mdogo, sehemu yake katika faida, na mashine atakazonunua kwa fedha zake zitakuwa za nani.

Jibu la pili
Ninaongeza kuhusu leseni, kwa kuwa nami ni muuguzi. Leseni huhuishwa kila baada ya kipindi fulani, na mara nyingi hudai mafunzo endelevu. Ukikaa nje muda mrefu, unaweza kutakiwa kupitia mafunzo upya au kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kurejeshwa. Aendelee kuihuisha, na kwanza aulize kama mwajiri anaweza kumpa likizo bila malipo. Je, macho ya baba yamepimwa? Kama ni mtoto wa jicho, upasuaji huweza kumrudishia uwezo wa kuona, na hapo hesabu yote inabadilika.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nilizungumza na shemeji jana, nikakuta kwamba alichotaka ni msaidizi wa miezi michache tu, na hakujua kabisa kwamba kijana anataka kuacha kazi. Amekubali kwenda kupimwa. Mpwa wangu naye amesema uchovu wa zamu ndio uliomsukuma zaidi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia baba yake. Ameomba likizo bila malipo, na mshahara wa karakana wataupanga wote wawili Jumamosi, nami nitakuwepo.